Chaki ya Mwenye Foleni

Nikiwa msichana mdogo, shangazi yangu alinichukua tukashuka naye bondeni, Muze, kufuata samaki. Tulikuwa wanawake wengi, kila mmoja na ulezi wake kichwani, tumetoka huku juu kwenye baridi, na kadiri tulivyoshuka joto lilitupanda kuanzia miguuni kama mtu anayeingia kwenye beseni la maji ya moto. Tulibadilisha ulezi kwa kambale wakavu, tukalala huko tukiliwa na mbu, asubuhi tukaanza kupanda. Wanaoujua ule mlima wanaujua. Katikati ya njia palikuwa na jiwe pana, na hapo kila mtu alitua mzigo, akapumua, akala kiporo chake. Shangazi hakutua. Alisema ukikaa, samaki wanaongezeka uzito. Akapita, na mimi nyuma yake nalia, shingo imezama mabegani. Tulipofika juu ndipo akakaa, akawasubiri wenzake, na walipotokea akawagombeza kwamba wamemchelewesha. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga kambale njiani.

Shangazi amekwisha kufa, na habari ninayotaka kuandika haimhusu hata kidogo. Ni habari ya malori, na yeye lori alilipanda mara moja tu maishani, akatapika. Ila miguu ile isiyojua kutulia nilikuja kuiona tena nikiwa mtu mzima, kwa mwanamume, tena mahali ambapo kazi ya kila mtu ilikuwa kukaa na kusubiri. Nilipomwona mara ya kwanza nilijisemea, huyu na shangazi wangeoana nyumba isingekuwa na kiti.

Ilikuwa mpakani, mbele ya Matai. Nilihamia hapo baada ya mume wangu kufariki. Nilitoka kwetu Mwazye na sufuria mbili kubwa na mwiko, nikajenga banda la mabati kando ya barabara, nikaanza kupikia madereva. Ugali wa ulezi, maharage, kuku siku nikimpata. Biashara ya chakula ilikuwa nzuri kwa sababu malori yalikuwa hayaondoki. Dereva anatoka Sumbawanga na mahindi, au Mbeya na saruji, anafika kwenye mstari wa nchi, anazima gari, na kuanzia hapo ni mtu wa kusubiri. Karatasi ziende kwa wakala, zitoke kwa wakala ziende forodha, forodha wazirudishe kwa sababu muhuri umekaa upande, mkaguzi wa mazao awe amekwenda msibani. Ukimaliza hayo, ng'ambo nako Zambia wanaanza upya, kana kwamba upande wa huku hakuna mtu aliyekwenda shule. Kuna dereva nilimpikia mpaka akanizoea, akaanza kunilalamikia chumvi kama mume.

Malori yakikaa pamoja muda mrefu yanagombana. Madereva, nataka kusema. Mwaka mmoja wa mvua nyingi wawili walitaka kupita mahali pamoja, wakabanana bodi kwa bodi katikati ya barabara, gari haliendi mbele wala nyuma, wakashuka na spana mikononi. Dereva mmoja wa nyuma yao, mrefu, mwenye koti refu la kahawia, akashuka na yeye. Hakushika spana. Alikuwa na kipande cha chaki, ile wanayoandikia matairi. Akaanza na gari la mbele kabisa akaandika moja kwenye tairi, la pili mbili, akaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari, akarudi, akasimama katikati ya wale wenye spana.

"Nyie wawili mko nyuma yangu sasa," akasema. "Na mimi nimejiweka wa mwisho."

Watu walicheka. Spana zikarudi kwenye kabini. Akasema hakuna gari litakalowashwa mpaka yeye aje afute chaki kwenye tairi lake. Nani alimtuma? Hakuna. Kesho yake alikuwa bado anafuta. Tajiri yake alituma dereva mwingine kuja kuchukua gari, gari likaenda, yeye akabaki. Wapo wanaosema alifukuzwa. Mwenyewe alisema alishuka.

Tukamwita Mwenye Foleni. Jina lake la nyumbani nilikuja kulijua lakini siliandiki, hakulipenda, alisema ni jina la mtu aliyekaa. Sababu za kulisema hivyo sijazijua mpaka leo.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Gari likifika mwisho wa mstari, dereva anashuka mwenyewe, siyo utingo, anakwenda kumsalimia. Shikamoo. Marahaba. Kisha anaulizwa: unatoka wapi, umebeba nini, nyumbani wazima? Yale mawili ya kwanza alikuwa hasikilizi sana, unajibu huku yeye anaangalia tairi. La tatu alilisikiliza na mwili mzima. Akisikia mtu amefiwa, au mtoto yuko hospitali ng'ambo, anafuta namba za watu na kuandika upya, gari la mwisho linakuwa la kwanza. Siku moja kijana mmoja wa semi tela alikataa.

"Mzee, mimi niko hapa tangu juzi. Huyu kaja sasa hivi."

"Mkeo mzima?"

"Mzima."

"Watoto?"

"Wazima wote, namshukuru Mungu."

"Basi mshukuru ukiwa hapo hapo ulipo."

Ikawa basi. Na aliyethubutu kumruka hakupigwa wala kutukanwa. Aliachwa tu. Yupo mmoja aliyejitia mjanja, akapita kando ya mstari alfajiri wakati wenzake wamelala, akakwama kwenye tope hatua chache kabla ya geti. Minyororo ilikuwepo kwenye kila gari. Hakuna aliyekuwa na mnyororo siku ile. Alikula kwangu akiwa ameinama, na hata mimi nikajikuta nimempa kipapatio.

Nilianza kusema habari ya miguu. Mwenye Foleni hakukaa. Alikula akiwa amesimama, sahani mkono wa kushoto, tonge mkono wa kulia, macho barabarani. Katikati ya kula anaweka sahani juu ya pipa la maji, anaondoka, anakwenda kuangalia kitu mwisho wa mstari, anarudi maharage yameganda. Redio yake ndogo ilikuwa haimalizi taarifa ya habari. Msomaji akifika katikati yeye ameshahamia stesheni nyingine, huko nako wanaimba nusu ubeti anahama. Mpira alisikiliza dakika za mwisho tu. Nilimwuliza, unajuaje walivyofika hapo? Akasema, "Wamefika, si unasikia?"

Dini yake ilitushinda. Idi alikuwepo kwenye pilau kwa wenye maduka wa Matai, Krismasi alikuwepo kanisani, amevaa koti lile lile, na kote alitoka kabla ya mwisho. Paroko alimtania, "Wewe baraka ya mwisho hujawahi kuipata." Akajibu kwamba anaipokelea njiani.

Lakini kichekesho kilikuwa hiki: yeye mwenyewe alishindwa kusubiri chochote. Jino lilimuuma mpaka shavu likawa kama limebeba embe. Tukamsukuma aende zahanati. Alirudi kabla sijaosha vyombo.

"Wamekung'oa?"

"Nimekuta watu wengi."

"Si ungepanga foleni kama watu?"

"Foleni ya nani, Mama wa Mwazye? Nimeuliza mwenyewe ni nani, hakuna anayejua. Watu wamekaa tu kwenye benchi kama viazi."

Akaling'oa mwenyewe nyuma ya banda langu na koleo la fundi magari. Sitaki kuikumbuka sauti ile.

Pamoja na hayo alikuwa anaichukia foleni. Msishangae. Mtu anaweza kulea kitu miaka na huku anakiombea kife. Madereva walipolala chini ya matela na baridi ya Juni inapita huko chini kama mto, yeye alikuwa anatembea mstari mzima akigonga mabati, "Usilale ubavu mmoja, utapooza." Na alipokuja kwangu kuchukua chai alikuwa anasema, "Siku foleni hii ikiisha nitakwenda kwa dada yangu Izia, nilale kitandani mpaka wanigeuze kama chapati." Alisema hivyo mwaka hadi mwaka. Wenzake walikuwa wanamdhihaki, wanamwambia hicho kitanda cha Izia kimeshaliwa na mchwa.

Ndipo zikaja zile mashine.

Kwanza watu wa forodha walisimamisha mnara. Kisha kamera juu ya nguzo, kisha geti jipya ambalo halina mtu wa kulinyanyua. Wakajenga na nyumba ndefu ambayo lori linapita katikati yake na wao wamekaa pembeni wanaona kilichomo ndani ya turubai bila kufungua kamba hata moja. Gari zilizofungwa mzigo wa kupita tu ziliwekewa lakiri, kufuli la forodha lenye kitaa, na lakiri ile inasema gari liko wapi tangu linapotoka, dereva akichepuka kwenda kumsalimia mchumba Laela wanajua. Karatasi zikahamia kwenye simu. Wakala anatuma kila kitu mzigo ukiwa bado Sumbawanga, forodha ya huku na ya ng'ambo wanaangalia kioo kimoja cha kompyuta kwa pamoja, na dereva kabla hajafika anapata ujumbe: umeruhusiwa. Akifika, kamera inasoma namba ya gari, geti linainuka lenyewe. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa kwenye mkutano, chini ya turubai, na soda juu.

Mwenye Foleni alikuwa mstari wa mbele pale mkutanoni, amesimama, anawaziba watu. Nadhani hakuna mtu aliyezipenda mashine zile kama yeye. Alikwenda kila siku kusimama chini ya nguzo kuitazama kamera, mikono nyuma. Aliwaeleza madereva wa Zambia kwa lugha yao na madereva wa kwetu kwa Kifipa na Kiswahili, nusu sahihi nusu ya kwake.

"Inasoma namba gari halijasimama bado! Haina msiba hii, haiendi kunywa chai! Haikwambii njoo kesho!"

"Kwa hiyo Mzee unakwenda Izia?" mtu akamwuliza.

"Nguo nimeshafua."

Sasa sikilizeni. Foleni haikuisha.

Ilipungua siku za kwanza kidogo, ikarudi. Malori yalijipanga kama zamani, kuanzia kwenye kona ile ya mikaratusi mpaka karibu na banda langu na kupita. Ofisini hawaelewi. Kwenye kioo chao gari limeruhusiwa, getini gari halijafika. Wakadhani kamera haioni. Wakapandisha mtu akaifuta kioo. Wakadhani ni mtandao, wakaleta mafundi kutoka mjini wakaongeza kitu kama sahani juu ya mnara. Mafundi wakala kwangu, wakaondoka, foleni iko pale pale. Ukiwa ndani ya ofisi mstari huuoni, na vijana wale walikuwa hawatoki nje kwa sababu ya upepo, wanachungulia kwenye kioo tu.

Wakubwa wakaja na magari yao ya vioo vyeusi. Wakaita mkutano mwingine, safari hii hapakuwa na soda. Mmoja mnene, sauti ya taratibu, akasema mashine hizi ni za gharama, zimewekwa hapa kwa majaribio, na kama lori linakaa hapa kutwa kama zamani basi hakuna haja. Zitang'olewa zipelekwe mpaka mwingine, na wenye makampuni watapeleka magari yao huko huko. Akauliza kama kuna mwenye la kusema. Watu wakaangalia viatu vyao.

Mwenye Foleni hakulala tangu siku ile, na mtu ambaye halali akizidisha kutolala unamwona. Aliichukulia kama deni la kwake. Alisema wanataka kutunyang'anya mashine kwa sababu foleni yetu haijanyooka. Akaanza kunyoosha. Alipima nafasi kati ya gari na gari kwa hatua zake. Aliandika namba kwa chaki kubwa zaidi, akazipaka mara mbili. Alikuwa anakwenda mbio, koti linapepea nyuma, kutoka kona mpaka getini, kutoka getini mpaka kona, anauliza watu unatoka wapi, umebeba nini, nyumbani wazima, anafuta, anaandika. Na kwa kuwa ni mtu mmoja na mstari ni mrefu, na kila anayefutiwa chaki lazima kwanza aulizwe, magari yakawa yanazidi kuchelewa.

Maana hilo ndilo lililokuwa tatizo. Madereva walikuwa wanakula kwangu na simu zao ziko mezani kando ya sahani, na ujumbe uko pale, umeruhusiwa, wengine tangu Matai, wengine tangu wako Sumbawanga wanafunga kamba. Geti lilikuwa linawasubiri. Lakini chaki ilikuwa bado iko kwenye tairi, na pale kwetu gari lenye chaki haliwashwi. Wa zamani waliogopa kumvunjia heshima. Wageni walidhani ni mtu wa serikali, kwamba huo ndio mwisho wa mfumo: simu, kamera, halafu mzee mwenye koti. Mmoja alinieleza kabisa, "Mama, teknolojia ya huku iko tofauti kidogo."

Ungeanzaje kumwambia? Ungemwambia nini mtu anayekimbia hivyo? Kila dereva alikuwa na siku yake ambayo yule mzee alimweka mbele. Walikaa wakaongea kwa sauti ndogo, mmoja anasema aende fulani ndiye mtu mzima, fulani anasema aende padri, wakinyamaza akipita. Akawa anawaambia, "Msivunjike moyo, vijana. Tutaimaliza." Wakamjibu, "Ndiyo mzee." Nilikuwa naisikia ile ndiyo mzee nikiwa kwenye moshi, nageukia sufuria.

Aliyemwambia alikuwa binti. Ni wa familia moja ya Waislamu wenye maduka na malori pale Sumbawanga mjini. Baba yao alikosa watoto wa kiume wanaopenda usukani, huyu akaupenda. Amefunga ushungi vizuri, chini suruali ya jinzi na mabuti, anaendesha fuso lake mwenyewe. Njia ile ilikuwa ngeni kwake, alizoea kwenda Mbeya. Alifika asubuhi na saruji, akapanga mstari, akashuka, akasalimia kama alivyoelekezwa. Akajibu maswali yake. Nyumbani wazima. Akapewa chaki. Akaja kwangu akala, akarudi kwenye gari, akakaa, akashuka, akazunguka gari, akapiga teke tairi. Alikuwa na miguu kama ile ile, nilimwona. Jua likapinduka.

Mwenye Foleni akawa anapita mbio, amebeba chaki mdomoni kama sigara.

"Baba," binti akamwita. "Samahani. Tunasubiri nini?"

"Mashine, mwanangu. Mashine inasumbua. Wewe tulia, tunaihangaikia."

"Mashine haisumbui. Mimi nimeruhusiwa tangu niko Matai." Akamgeuzia simu. Yale maandishi ya kijani yalionekana hata kutoka kwangu. "Angalia saa."

Mzee akaitoa chaki mdomoni. Akaisoma. Alikuwa anasoma taratibu, midomo inatembea.

"Basi unasubiri nini?"

Binti akaangalia kulia na kushoto, kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. Wale wengine kwenye banda langu walikuwa wameacha kutafuna.

"Nakusubiri wewe," akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye walimsema vibaya yule binti, kwamba hana adabu, ni mtoto wa matajiri. Alijibu swali alilouliza mzee.

 Mwenye Foleni akaenda kwenye gari la nyuma ya binti, dereva wa kutoka Laela, wanajuana toka enzi za tope.

"Na wewe umeruhusiwa?"

"Mzee, mambo haya ni…"

"Nimekuuliza umeruhusiwa?"

"Tangu asubuhi."

Akaenda kwa mwingine. Akaenda kwa mwingine tena. Wengine walijibu, wengine walimwonyesha simu tu bila kumtazama. Kijana mmoja wa mjini, mwenye hereni, akajaribu kutania, "Poa tu mzee, sisi hatuna haraka," na dereva mwenzake akamkanyaga mguu. Alifika mpaka kona, hakuwauliza waliobaki. Akasimama huko na upepo unamvuta koti. Kisha akaanza kurudi, na kwa kila gari alilopita aliinua mguu akafuta chaki kwa soli ya kiatu, bila kuuliza mtu anatoka wapi wala amebeba nini wala nyumbani kukoje. Alifuta upande mzima. Alipofika kwenye fuso la yule binti akapiga mluzi, mluzi wa kuita ng'ombe, akaonyesha geti.

Injini ziliwaka zote kwa pamoja. Sikuwahi kusikia hivyo, mabati ya banda yalitetemeka, chai ikacheza kwenye vikombe. Yakaanza kwenda. Geti linainuka, linashuka, linainuka. Wengine walikuwa hawajalipa chakula, wakanipungia mkono wa kesho mama. Kabla ya alasiri barabara ilikuwa nyeupe. Unaona lami mpaka kwenye mikaratusi. Mbwa mmoja akaja akalala katikati, kitu ambacho mbwa wa pale hawakuwahi kukifanya.

Mwenye Foleni akasema, "Si mnaona? Nzuri sana hii." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Mashine hazikung'olewa. Yule mkubwa mnene alirudi, akafurahi, akawapongeza mafundi. Sasa lori linapita kwangu dereva hata kichwa hageuzi, naona turubai tu na vumbi. Mimi nimehamishia sufuria upande wa stendi ya mabasi madogo, kwa abiria, siwezi kusema nimekufa njaa, ila abiria hawanilalamikii chumvi. Wanakula wanakwenda.

Yeye hakuhamia Izia. Tulimwuliza, tukamtania habari ya chapati, akasema kitanda kinapigwa msasa. Alishinda barabarani. Alikuwa anatembea kona mpaka geti na mikono mitupu, akakuta jiwe kwenye lami analisogeza, kesho yake analikuta limerudi, au ni lingine, analisogeza tena. Afisa mmoja mwanamke pale forodha, mtu mwema, alimwonea huruma. Akampa koti la kung'aa, lile la rangi ya chungwa, na kiti cha plastiki, akamweka kando ya geti. Kazi yake iwe kuwasaidia madereva ambao simu zao zimegoma. Alilivaa juu ya koti lake la kahawia, akakaa. Nilipomwona amekaa nilishtuka kama nimemwona mtu uchi.

Simu za madereva hazigomi sana.

Nilimpelekea chai siku moja mchana, miezi ya baridi. Upepo ule wa Ufipa unaoujua, unaokata masikio. Alikuwa ameketi mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mama wa Mwazye. Kaa."

"Kiti ni kimoja."

"Kaa wewe. Mimi nimekaa tangu asubuhi, matako yamekufa ganzi."

Nikakaa, yeye akasimama, na pale ndipo tukawa sawa. Nikamuuliza kazi inaendaje.

"Kazi nzuri sana. Sina ninachofanya, na kinafanyika."

"Si ulikuwa unaililia siku hii?"

"Niliililia." Akafikiri. "Nilijaribu kwenda kulala kwa dada. Nikalala. Asubuhi nikamwambia, haya, nimeshalala, nini tena?"

Tukacheka. Lori likaja, semi la ng'ambo lenye namba za Zambia, likapunguza mwendo kidogo, geti likainuka. Aliinua mkono kumsalimia dereva. Kioo kilikuwa kimepandishwa kwa ajili ya baridi, yule dereva alikuwa anatazama mbele, barabara iko wazi, angetazama nini kingine? Lori likapita, geti likashuka.

"Katokea wapi huyu?" akaniuliza.

"Nitajuaje mimi?"

"Ni kweli. Utajuaje."

 Mara akaanza kuvua lile koti la kung'aa, akalikung'uta, akanifunika nalo mabegani.

"Kuna upepo," akasema. "Nakwenda kunyoosha miguu."

Nilidhani anakwenda chooni. Akapita choo, akapita mnara, akapita pale lilipokuwa banda langu zamani, akashika njia ya Matai katikati ya lami, haraka haraka kama mtu aliyeitwa. Hakuwa na redio, hakuwa na mfuko. Nikaita, "We mzee! Chai yako!"

"Imepoa hiyo," akajibu bila kugeuka. "Kunywa wewe."

Nilimtazama mpaka kwenye mikaratusi. Dada yake kutoka Izia alituma watu baadaye kuja kumuulizia kwetu, na sisi tulikuwa tumeshatuma kumuulizia kwake. Hajarudi tena hapa.

Niliinywa ile chai. Ilikuwa bado ya moto, iliniunguza ulimi.